Tenki ya lita ngapi kwa enduro na motokrosi? Nimezipanga kuanzia ile ya kununua mpaka ile ya kuacha

Watu wengi wanaoanza enduro hapa Uganda, yaani mbio ndefu za pikipiki za porini, si motokrosi ya kuzunguka kiwanjani, wakishapata pikipiki tu wanauliza tenki kubwa iko wapi, na wanataka kubwa kabisa, lita 15, lita 20, juu wanaogopa kuishiwa mafuta porini. Mimi nasema tenki inunuliwe kulingana na ule umbali mrefu kuliko yote kati ya pahali pa kujaza mafuta na pahali pengine, basi. Kila lita unayoongeza juu ya hapo unaibeba bure, tena unaibeba pabaya, juu na mbele ya pikipiki. Lita moja ya petroli ni kama gramu 750, kwa hivyo tenki ya lita 7 ikijaa ni kilo 5 na kidogo, ya lita 15 ni kilo 11 na zaidi, na hizo kilo 6 za katikati hazitulii, ukikata kona zinakuvuta, ukishika breki zinakimbilia mbele, na kwenye utelezi wa baada ya mvua gurudumu la mbele linazama na mikono inaisha nguvu kabla ya mbio kuisha.

Kabla hujaangalia bei, jua kwanza pikipiki yako inakula aje. Jaza mpaka mdomoni, kimbia kwa spidi ile ya mashindano, si ile ya kwenda dukani, halafu jaza tena kwa jagi yenye alama za lita ndio ujue imekunywa ngapi. Pikipiki ya 450, yaani injini ya cc 450, ambayo kwenye murram inafanya kilomita 15 kwa lita inaweza kushuka mpaka 10 ukiingia mchanga ama matope mazito, na wewe hesabu yako ifanye na hiyo namba mbaya. Kilomita 90 bila mafuta, gawa kwa 10, ni lita 9, weka 2 za akiba unapata 11. Hiyo 11 ndio tenki yako, hata kama rafiki yako ameagiza ya 20.

Sasa nipange.

Ya kwanza kwangu ni lita 9 mpaka 12. Kwa mtu wa enduro Uganda hii ndio inafanya kazi nyingi, unaweza kushinda asubuhi yote kwenye vichaka vya Mukono ama Mpigi na bado pikipiki inageuka vizuri, unaweza kuinyanyua ikianguka, na miguu bado inabana tenki bila kupanuka sana. Kama uko na KTM 300 EXC, kiwandani imekuja na karibu lita 9, usikimbilie kununua kitu, pima kwanza. Wenye shida ni wale wanatumia pikipiki za motokrosi kwa enduro, juu Honda CRF450R inabeba lita 6.3 na Yamaha YZ450F lita 6.2, na hiyo kwa safari ndefu ni kidogo sana. Hao waangalie Acerbis ya Italia, ama IMS na Clarke za Marekani, zote ni za plastiki, na zile zisizo na rangi nyeusi unaona mafuta yamefika wapi bila kufungua kifuniko, jambo ambalo mbioni linasaidia kuliko watu wanavyofikiria. Halafu angalia kitu kimoja, Wamarekani wanaandika galoni zao na galoni yao ni lita 3.785, kwa hivyo ukiona 3.0 hiyo ni lita 11.4, na 4.0 ni zaidi ya 15. Watu wanaona 4.0 wanafikiri ni ndogo, inakuja ni dubwana.

Ya pili, ile iliyokuja na pikipiki. Na kwa motokrosi peke yake hii inapanda inakuwa ya kwanza bila mjadala. Kama unakimbia kwenye viwanja vya Garuga ama Busiika, unazunguka palepale, kila raundi ya mbio ikiisha unarudi pedoki, pale pikipiki zinapotengenezewa, na jerikani yako iko hapo, sasa tenki kubwa ya nini? Viwanda vimeweka lita 6 ama 7 kwa makusudi, zinamaliza raundi na uzito unabaki chini. Wazazi wa watoto wa 50, 65 na 85 nawaomba sana, msiwaongezee hawa watoto tenki, mtoto mwepesi anasikia kila kilo, hizo pesa nunua kinga ya shingo na buti nzuri. Mwenye tenki ya kiwandani anayeenda enduro mara mojamoja anaweza kubeba mfuko laini wa mafuta, ile mifuko maalum ya petroli ya lita chache, anaufunga nyuma vizuri, akimimina anaukunja. Lakini iwe ile maalum ya petroli, si chupa ya maji kwenye begi mgongoni, ukianguka nayo karibu na ekzosi ya moto umejichoma mwenyewe.

Ya tatu ni lita 13 mpaka 16, na hii nunua ukijua unakokwenda. Mtu wa kutoka Kitgum kupanda Kidepo, ama kuzunguka Moroto, Kotido na Kaabong, namwelewa kabisa. Mijini sheli zipo, katikati unategemea mafuta ya chupa kwenye senta ndogo, na hayo wakati mwingine yana maji ama yamechanganywa na mafuta ya taa, injekta haitaki kabisa huo mchezo. Hapo kubeba mafuta yako safi kutoka mjini ni akili. Pikipiki yako ikiwa ni ya kuchanganya oil kwenye petroli, ndio zaidi, juu ukijaza njiani lazima uwe na oil na kipimo mfukoni. Shida ya tenki za ukubwa huu ni kwamba zinaning'inia pande mbili za fremu kama mikoba ya punda, na koki ya kutolea mafuta iko upande mmoja tu, kwa hivyo lita kadhaa zinabaki upande wa pili na injini inazima ukiwa bado na mafuta. Dawa yake ni kulaza pikipiki upande wa koki yavuke, ama ununue iliyo na mrija wa kuunganisha pande zote mbili chini. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Ya nne ni lita 20 kwenda juu. Hizi ni za rali za jangwani, KTM 450 Rally Replica inabeba zaidi ya lita 30 zikiwa zimegawanywa mbele na nyuma, lakini ile fremu na shokabsoba zake zimetengenezwa kwa huo mzigo. Ukiivalisha 250 ya kawaida lazima ubadilishe hata springi, na kwenye mbio zetu hakuna pahali utazimaliza hizo lita.

Ya mwisho, ambayo nasema wazi usinunue kwa mbio, ni tenki ya bati ya kuchomelea. Mafundi wa Katwe pale Kampala nawaheshimu, fremu wanazinyoosha vizuri sana, lakini bati na mtikisiko wa enduro haviendani, pale palipochomelewa panapata ufa, kutu inaingia ndani, ile kutu inaziba filta, na petroli ikidondokea ekzosi hapo hatuongei tena habari ya mbio.

Ukishaamua lita, kazi ngumu ni kuhakikisha inaingia. Mwaka wa pikipiki ni muhimu kuliko jina lake. YZ450F ya 2010 ilibadilishwa silinda ikalala nyuma na filta ya hewa ikahamia mbele, kwa hivyo tenki ya 2009 haifai kabisa, hata muuzaji akiapa. Pikipiki ya injekta pampu iko ndani ya tenki, uliza kama mpya ina shimo la hiyo pampu, utaihamisha kutoka ile ya zamani, na weka gasketi mpya. Ukikaza nati kwa nguvu za tairi la lori unapasua plastiki. Ikishakaa geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kama inagusa, na uone kama rejeta bado zinapata hewa.

Kusafirisha ndio kunauma. Tenki tupu ni nyepesi lakini boksi ni kubwa, na kampuni za ndege zinahesabu nafasi, si kilo tu, halafu bado kuna ushuru wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa hivyo uliza bei ya kufika Entebbe na si ya dukani, na kama mko wawili wa pikipiki moja agizeni pamoja. Ukinunua iliyotumika, weka petroli ndani, si maji, iache juu ya kadibodi kavu usiku kucha nje mbali na moto, asubuhi angalia kadibodi, halafu angalia nyuzi za kifuniko, za koki na za boliti, zikiwa zimelika mrudishie mwenyewe.