Kabla ya kununua lenzi ya Nikon, uliza mota iko wapi

Niliifunga lenzi ya 50mm f/1.8D kwenye kamera yangu ya Nikon D3300, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nilidhani ni mbovu, kumbe ni nzima kabisa, ila haina mota ya kufokasi ndani. Lenzi za AF-D husubiri bodi, yaani kamera yenyewe, izizungushie fokasi kwa kijiti mithili ya ncha ya bisibisi, na bodi za jamii ya D3000 na D5000 hazina kijiti hicho. Muuzaji aliniambia tu, "Inaingia."

Naipenda Nikon, sifichi. Mdomo wake wa F, pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, ni uleule tangu 1959, kwa hiyo karibu kila lenzi ya mdomo huo itaingia, na hapo ndipo wanunuzi wanaponaswa. Ukali wa picha na rangi vimeshaandikwa sana. Wewe anza na herufi zilizoandikwa kwenye lenzi. AF-S na AF-P zina mota zake. AF au AF-D, hapana. AF-P nazo zinazikataa kamera za zamani kama D3100 na D5100. Herufi zikiwa zimefutika, geuza lenzi: ukiona kiskrubu chenye mfereji kwenye pete ya nyuma, mota inategemewa kutoka kwenye bodi.

Chaguo langu la kwanza ni AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka 2009. Sensa ya DX, kama ya D3300 yangu, ni ndogo kuliko ya fremu kamili, hupunguza upana wa picha kwa kipimo cha 1.5, hivyo 35mm huona kama 52mm hivi. Raha yake iko gizani. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukifika 35mm tundu lake limeshabana hadi karibu f/4.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii ya f/1.8 huingiza mwanga takriban mara 6 zaidi. Ukumbini ulikolazimika kupandisha ISO, yaani unyeti wa sensa kwa mwanga, hadi 6400 na uso wa bibi harusi ukajaa chenga, utapiga kwa ISO 1000, kasi ya shata ileile. Kwa sensa ndogo huo ni msaada mkubwa. Lenga jicho tu, maana kwenye f/1.8 ukikosea kidogo umefokasi sikio.

Ya pili ni AF-S 50mm f/1.8G. Kwenye DX inakuwa kama 75mm: nyuso inazipenda, lakini chumba kikiwa kidogo mgongo wako utagusa ukuta.

18-55mm inatosha mchana. 

Kinachoniudhi ni matangazo ya "inafaa Nikon zote", huku lenzi ya D ikiuzwa karibu sawa na yenye mota, na picha zote zimepigwa mbele. Siku hizi naomba picha ya mgongo wa lenzi kabla hatujaongea bei. Wauzaji wengi hunyamaza hapo hapo.