Redio ipi ununue kwa ajili ya mvua na radi za huku ziwani

Shemeji yangu anaishi Marekani, mwaka juzi kaja likizo Mwanza katuletea zawadi, kiredio cheupe kizuri, anasema kule kwao hicho ndo kinawaamsha usiku kimbunga kikiwa njiani, yani kinanyamaza hata wiki tatu afu siku ya hatari kinapiga king'ora chenyewe. Bimkubwa kafurahi mpaka kakitafutia kitambaa cha kukifunikia. Mi nikachomeka ukutani, haijapita hata dakika mbili naskia harufu ya plastiki inaungua, kumbe adapta imeandikwa 120V na huku umeme wetu ni 230. Haya, tukaweka betri, kikawaka, nikapita chaneli zote 7 na zote ni shhhhhhh tu.

Kizima kabisa hicho kiredio, shida ni kwamba huku hakuna anayeongea nacho. Kule Marekani shirika lao la hali ya hewa, NOAA, lina mitambo yake inayotangaza hali ya hewa masaa 24 kwenye masafa ya 162.400 mpaka 162.550 MHz, na ikitoka tahadhari mtambo unatuma mlio maalum wenye kodi ya wilaya husika, redio ikiuskia inaamka. Huku kwetu hamna kituo kinachotangaza hivyo. Wenye magari yaliyotoka Japani wananielewa, redio ya gari inaishia 90 kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, unabaki kuskiliza flashi tu mpaka ufunge kifaa cha kuongeza bendi. Kwaiyo ukiona mtandaoni redio imeandikwa "weather" au WB (weather band, yani bendi ya hali ya hewa) kwa herufi kubwa na bei imepanda kwa ajili ya hilo neno, ujue unalipia chaneli saba za shhhh.

Huku tahadhari inatoka TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa utabiri wa siku tano wa hali hatarishi kwa ngazi, angalizo, tahadhari, halafu tahadhari kubwa, na rada ipo hapa hapa Kiseke. Lakini rada haiamshi redio yako, lazima mtangazaji asome, na we uwe umewasha. Hilo ndo la kushika kabla hujatoa hela. Unatafuta redio itakayowaka saa mbili usiku wakati wa habari, umeme umekatika, simu ina asilimia 4, mtandao unazunguka tu. Basi.

Namba moja kwangu, na sibishani na mtu, ni ile redio ya kizamani ya mshale, FM na AM, ya betri kubwa mbili au nne. Ndiyo, ile ya babu. Betri zake zipo kila kiosk kuanzia Igoma mpaka Nansio, ukiwa unaskiliza habari za jioni tu zinakaa hata miezi miwili, na ile swichi ni ya kugeuza kwa mkono kwaiyo ukibadilisha betri gizani stesheni iko pale pale ulipoiacha. Zile za digito nyingi za bei rahisi ukitoa betri zinasahau kila kitu, unaanza kutafuta stesheni mvua inapiga bati na huskii hata unachotafuta.

Afu kuna hii ya AM watu wengi hawaijui, wanasema AM ya nini siku hizi. Radi ikipiga inatoa mawimbi ambayo AM inayadaka, unaskia krrr, krrr, hata wakati hujaona mwanga wala hujaskia ngurumo. FM haikwambii hivyo. We weka mshale sehemu isiyo na stesheni, sauti ndogo, ile krrr ikianza kuja mara kwa mara na kwa nguvu jua kuna mzigo unakuja. Mjomba wangu anavua dagaa upande wa Kayenze na ndo kipimo chake. Ziwa letu lina tabia hiyo, usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka huku pwani pande zote unaenda kukutana katikati ya ziwa, unapanda juu unakuwa wingu la radi, na huo ndo muda wa kazi wa wavuvi maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi haupo. Saa mbili habari zinasomwa wao tayari wako majini, kwaiyo redio inaingia mtumbwini ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko. Na shangazi huku nchi kavu anaskiliza redio yake hiyo hiyo kujua kama asubuhi aanike au asianike, maana dagaa wakilowa wakiwa nusu wamekauka ni hasara ya mzigo mzima. Angalizo tu, ukijaribisha AM ndani kwako zima kwanza taa za LED na chaja, zina makelele yao wenyewe utadhani radi ipo sebuleni.

Namba mbili ni za sola na kuzungusha mkono. Nilitaka niziweke juu, kimawazo ni tamu sana, ila piga hesabu na mimi. Betri ya ndani 2000 mAh ni kama wati-saa 7.4, kipaneli cha mgongoni saizi ya kadi ya benki kinatoa labda nusu wati jua likiwa kali, hapo unahitaji masaa 15 ya jua kali kuijaza, na msimu unaoihitaji ndo msimu wa mawingu. Kuzungusha mkono ni kwa dharura tu, utachoka kabla taarifa haijaisha. Ukinunua chukua ile inayopokea vyote, sola, mkono, waya wa chaja NA betri ndogo za kawaida. Kama haina sehemu ya betri za kawaida, betri ya ndani ikifa na redio imekufa.

Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, nakiweka namba tatu na pengine wengine mnacho tayari. FM ipo, tochi ipo, chaji siku kadhaa, na vingine vinaskika bila hedifoni. Ila uliza hilo dukani, maana vingi vinataka waya wa hedifoni uwe antena, na ukiwa mbali na mji inakata kata. AM hamna.

Zile spika za bluetooth zenye FM, flashi na taa za disko zimejaa Makoroboi, hizo ni za muziki. Ziko namba nne kwa sababu moja tu, ndogo zake nyingi zinatumia betri ya BL-5C, ile ya Nokia ya zamani, kwaiyo betri ikifa unachomoa ya kwenye kitochi unaweka maisha yanaendelea. Bila hivyo ningeziacha nje.

Ya mwisho ni ile ya shemeji.

Ukiwa dukani usikubali muuzaji akuwashie yeye, muda wote atakuwekea stesheni yenye nguvu ya hapo hapo mjini ambayo hata waya wa nguo ungeidaka. Mwambie kaka naomba, halafu sogeza mshale utafute stesheni dhaifu, vuta antena, irudishe, sikiliza tofauti. Fungua mfuniko wa betri uangalie zile springi, zikiwa na ukijani au unga mweupe betri ilishavujia humo, mrudishie. Na za mitumba pale Mlango Mmoja soma namba za kwenye kioo kabla ya bei, FM ianzie 88 iishie 108, ikiwa 76 mpaka 90 ni yale yale ya gari.

Nyumbani radi ikianza chomoa redio ukutani utumie betri, na kama ulifunga waya wa antena mpaka juu ya bati chomoa na huo. Ukiona mwanga hesabu mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja, sekunde zikiwa chini ya 30 watoto waingie ndani, habari za kumalizia kufua hapana. Na redio isipotumika muda mrefu toa betri, unyevu wa huku na betri za bei poa havipatani.

Ile ya shemeji bado ipo kabatini na kitambaa chake. Betri zake tatu nilihamishia mbili kwenye rimoti ya tivii, akija tena Disemba nitazirudisha kabla hajafika.