Jumamosi jikoni na watoto: chapati au maandazi?
Hili swali haliishi kwetu. Kwa gharama chapati inashinda, unga, chumvi, maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo basi, maandazi yanataka sukari, hamira, iliki, tui ukipenda, na mafuta mengi ya kuzamishia. Ila kwa raha ya mtoto mdogo aisee maandazi hayana mpinzani, anakata pembetatu zake hata zikiwa kombo zinaumuka zinapendeza tu, wakati chapati yake inatoka kama ramani ya Afrika (wangu alinuna mpaka jioni). Shida ni karai la moto, hapo hawasogei kabisa. Kuumuka nako kama saa nzima, wenye njaa watalia. Wako wameshafika miaka 9, 10, wape kisukumio wapige chapati, wa miaka 4 maandazi, karai ubaki nalo wewe.