Kidonge cha kranberi baada ya upasuaji: geuza chupa kwanza

Siku niliyotolewa mpira wa mkojo ndiyo niliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Dadangu akapitia duka la dawa katikati ya jiji akaniletea vidonge vya kranberi, tunda dogo jekundu linalotumika kujikinga na maambukizi ya njia ya mkojo (UTI): chupa kubwa, mbele 25,000 mg kwa maandishi mekundu, shilingi 2,600. Wiki ya pili mkojo ukaanza kuniunguza.

Ndipo nikageuza chupa. Nyuma, herufi ndogo kama ufuta: "sawa na" 25,000 mg za tunda bichi. Ndani ya kidonge ni 500 mg za unga tu. PAC haikutajwa popote.

Na PAC, yaani proanthosaianidini, ndiyo inayowazuia bakteria wa E. koli kunata kwenye ukuta wa kibofu. Kiasi ambacho watafiti wengi hutumia ni 36 mg kwa siku. Na kinga ya kranberi si maneno ya sokoni: mwaka 2015 utafiti wa Marekani uliwafuata wanawake 160 waliowekewa mpira wakati wa upasuaji wa magonjwa ya wanawake. Kwa wiki 6, waliomeza kranberi walipata UTI asilimia 19. Waliopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na kranberi, asilimia 38. Kinga hiyo si kamili, lakini mimi naitaka.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Ellura, bila kusita. Kapsuli moja kwa siku, 36 mg za PAC, imeandikwa wazi. Mimi huletewa na binamu akitoka Marekani. Ya pili ni Utiva ya Kanada, nayo 36 mg. Ya tatu, chupa yoyote inayotaja PAC kwa miligramu. Za bei nafuu zisizotaja, ziache. Juisi ya supamaketi ina sukari tele.

Ukimeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au una historia ya mawe ya figo, muulize daktari kwanza. Ukipata homa au maumivu ya kiunoni, nenda hospitali mkojo upimwe, kranberi haitibu.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nimeuliza PAC katika maduka matatu. Mmoja akasema, "Madam, zote ni kranberi." Mwingine akaniuliza kama ni vitamini. Chupa ile ile ya 2,600 niliikuta Kilimani, Nairobi, kwa 3,900, na muuzaji hakuweza kunieleza hata neno moja la nyuma yake. Mtu aliyeshonwa tumbo hawezi kuzunguka mji mzima akisoma lebo. Anayesimama nyuma ya kaunta ndiye angepaswa kuwa amezisoma.