BMW 330i ya mwaka 2003 kwenye joto la Dar es Salaam: tathmini baada ya miaka minne

Nililinunua gari hili likiwa na umri wa miaka 18. Ni BMW 330i ya umbo la E46 (jina la kiwandani la kizazi hicho cha gari), lililotoka kiwandani mwaka 2003, likatumika Japani, kisha likapita bandari ya Dar es Salaam na kumilikiwa na mtu mmoja kabla yangu. Mita ilisoma kilomita 118,000. Leo inasoma 164,000, na karibu kilomita zote hizo za nyongeza zimetembewa ndani ya jiji hili, kati ya Mbezi Beach ninakoishi na Barabara ya Nyerere ninakofanyia kazi, yaani kwenye foleni, kwenye matuta, na kwenye joto la Januari ambalo kila mkazi wa Dar analijua.

Muda wote huo nimekuwa nikiambiwa jambo lile lile na wauza spea, mafundi na hata shemeji yangu: magari ya Mjerumani hayaliwezi joto la hapa. Ninaandika tathmini hii kwa sababu sikubaliani na kauli hiyo, na kwa sababu imewafanya watu wengi watelekeze magari mazuri uani yaote kutu. Kwa niliyoyaona, 330i haiuawi na jua la Dar es Salaam. Inauawa na marekebisho ya kurahisisha, yale ya kuondoa kifaa kwa kuwa kinasumbua badala ya kuweka kingine kinachofanana nacho.

Gari lenyewe linastahili taabu hiyo. Injini yake, M54 ya lita 3.0, ina silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja na hutoa nguvu za farasi 231, nayo kwa mpangilio huo haina mtikisiko wa kusumbua hata ikizungushwa kwa kasi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na usukani ni mzito kiasi kwamba mkono unaihisi barabara. Alfajiri ya Jumapili, Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, sijaendesha gari la familia linalonipa raha kama hii kwa fedha niliyoitoa.

Wiki ya tatu baada ya kulinunua, taa ya injini iliwaka. Petroli ilikuwa ikiisha upesi, asubuhi mshale wa joto ulichukua muda mrefu mno kufika katikati, na ajabu ni kwamba mchana kwenye foleni ya Mwenge ulianza kupanda. Gereji ya kwanza niliyoiendea haikupima chochote. Walibadilisha plagi zote sita na koili mbili, wakafuta taa kwa mashine, wakanirudishia gari. Baada ya siku mbili taa ikawaka tena. Fundi wa pili, wa Kinondoni, alikataa kununua hata skrubu kabla ya kusoma kompyuta ya gari na kulitazama likiwa baridi hadi lipate moto. Aliniita boneti ikiwa wazi, akanionyesha nyumba ya thamostati, ile vali inayoamua kulanti (maji ya kupozea injini) ipite kwenye rejeta au la, aliyokwisha kuifungua. Ndani palikuwa patupu. Kile kiini cha nta na springi yake kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, na kingo za plastiki zilikuwa bado na alama za meno yake.

"Kaka, hili walilitoa makusudi," alisema. "Na feni nayo wameiunga daireki."

Kila mwenye gari Dar es Salaam amewahi kusikia ushauri huu: nchi yetu ni ya joto, thamostati ni ya nchi za baridi, itoe. Kwa M54 ushauri huo ni sumu. Thamostati yake haisubiri joto tu, ina kipashamoto kidogo cha umeme ndani. Injini ikiwa haina kazi nzito, kompyuta huiacha thamostati ifunguke kwenye takriban nyuzi 97, na ukikanyaga mafuta kompyuta huipasha ile nta ili ifunguke mapema na kupoza zaidi. Ukiikata, injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta hudhani gari halijapata moto na kuendelea kumwaga petroli ya ziada, huku oili ikichafuka. Zaidi ya hapo, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ambayo kulanti huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Isipokuwepo, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya kulanti hairudi kupozwa. Ndiyo maana gari lililokuwa baridi mno asubuhi lilichemka kwenye foleni mchana. Kuiunga feni daireki kulikuwa kuficha kosa la kwanza kwa kosa la pili.

Jambo ambalo kila mmiliki wa E46 anapaswa kulijua ni kwamba mshale wa joto hausemi kila kitu. Umepangwa usimame katikati kulanti ikiwa popote kati ya takriban nyuzi 75 na 115, hivyo unapoanza kusogea kuelekea kwenye wekundu, umechelewa. Lakini dashibodi ina orodha ya vipimo iliyofichwa. Unabonyeza na kushikilia kitufe cha kushoto, kile cha kufuta kilomita za safari, huku ukizungusha ufunguo. Kipimo namba 19 hufungua kufuli kwa jumla ya tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi, na kipimo namba 7 huonyesha joto halisi. Huwa naiacha tarakimu hiyo mbele ya macho yangu kila ninapoingia barabarani. Gari langu likiwa zima husoma kati ya 95 na 99 kwenye mwendo, na hupanda kidogo tu kwenye foleni. Ni kipimo cha bure na kimeniokolea injini, kama nitakavyoeleza.

Baada ya kurudisha thamostati na feni katika hali yake, fundi aliniambia kwamba tanki la akiba la kulanti nalo limechoka. Ni tanki la plastiki linalobeba shinikizo, na plastiki hiyo ikiiva na kupoa kwa miaka mingi hukauka na kupasuka, jambo linalojulikana kwa E46 duniani kote, hata kwenye nchi za theluji. Nilikwenda mwenyewe Kariakoo. Duka moja lilinipa chaguo mbili: moja kwenye boksi lenye alama ya kiwanda cha gari ikimeta, na jingine la mtengenezaji wa vipuri wa Ujerumani ambalo mahali pa alama palikuwa pamekwanguliwa. Nilidhani lile lililokwanguliwa ndilo feki, nikachukua lenye alama. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kiwanda kinachotengenezea BMW vipuri, kinapouza kifaa hicho hicho kwa jina lake chenyewe, mara nyingi hukwangua alama ya BMW kwa kuwa hakina haki ya kuiuza. Ule mkwaruzo uliokuwa umenitia shaka ndio uliokuwa dalili njema.

Tanki lenye boksi zuri lilidumu miezi saba. Lilipasuka jioni karibu na Afrikana, nikiwa nyuma ya daladala. Harufu tamu ya kulanti iliingia kupitia kiyoyozi kabla taa yoyote haijawaka, nikatupa jicho kwenye tarakimu: 104, 109, 113. Nilitoka barabarani na kuzima injini hapo hapo. Nilipofungua boneti, niliona ufa umefuata mshono wa tanki tangu juu hadi chini, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, na ukingo wake ulikuwa mweupe na mwembamba kama ganda la yai. Mshale wa joto, wakati huo wote, ulikuwa bado katikati.

Kama ningeendelea mpaka nyumbani, dakika kumi tu, hasara ingekuwa ya aina nyingine. Boloki na silinda hedi za M54 ni za aluminiamu, na injini hii ikichemka sana si gasketi peke yake inayoungua: nyuzi za boliti za hedi hung'oka kutoka kwenye boloki, na fundi anapojaribu kuzikaza upya zinazunguka bila kushika. Injini nyingi za namna hii zilizotupwa kwa kuwa eti hazifungiki zilianza na tanki au mpira wa rejeta uliopasuka, na dereva aliyetaka tu afike.

Kwa hiyo mara ya tatu sikubadilisha kifaa kimoja kimoja. Niliagiza mfumo mzima wa upozaji kutoka nje kwa kutumia herufi na tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, ambazo ndizo zinazotambulisha kipuri sahihi kwa gari lako na si kwa gari linalofanana nalo: rejeta, tanki na mfuniko wake, wota pampu, thamostati, mipira ya juu na ya chini, sensa, mkanda na puli zake. Pamoja na usafirishaji na ufundi nililipa karibu shilingi milioni 1.5, na vifaa vilifika baada ya wiki tatu. Ni fedha nyingi kwa mkupuo, lakini nikijumlisha nilichokuwa nimekwisha kukitawanya kwenye majaribio, haikuwa mbali. Naichukulia kama gharama ya kununulia gari: anayetaka E46 aitenge fedha hiyo kabla hajalipia gari lenyewe.

Ujazaji wa kulanti nao una utaratibu wake, na hapa mafundi wazuri hukosea kwa haraka tu. Injini ikiwa baridi, unawasha swichi bila kuwasha injini, unaweka kipashamoto cha ndani kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ndogo, unalegeza skrubu ya kutolea hewa, kisha unamimina polepole mpaka kulanti itoke pale bila mapovu. Kulanti yenyewe niliyotumia ni ile ya bluu inayotajwa na kiwanda, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Maji ya kisima ya Dar es Salaam, ambayo sehemu nyingi yana chumvi, hayafai kabisa kwa aluminiamu, hata kwa kuongezea kidogo.

Tangu hapo ni miaka miwili na ushei, na gari halijachemka.

Matatizo mengine yalikuwa madogo kwa kulinganisha. Oili ilikuwa ikivuja kwenye gasketi ya nyumba ya filta na kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, ambako hudondokea kwenye ekzosi na kutoa harufu ya kuungua. Zote mbili ni mpira uliokauka, na kazi yake ni ya siku moja. Injini pia ilikuwa nzito kwenye mizunguko ya chini, dalili ya sili za VANOS, ule mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, kuwa ngumu kwa umri. Tulizibadilisha pamoja na vali ya kupumulia ya injini, na tofauti ilihisiwa kwenye mlima wa kwanza. Oili ni lita 6.5, nami huibadilisha kila kilomita 8,000 bila kusubiri gari liniambie, kwa sababu saa za foleni hazihesabiki kwenye mita.

Chini ya gari, matuta na mashimo ya mitaa ya ndani hula bushi za mikono ya mbele na boljointi. Nimezibadilisha mara moja, kushoto na kulia kwa pamoja, kisha nikapima alaimenti. Kwenye hili siwezi kulilaumu gari. Anayenunua E46 yoyote alinyanyue na kuangalia kwa tochi bodi inapoungana na fremu ya ekseli ya nyuma, kwani bati la hapo hujulikana kwa kupata nyufa. La kwangu lilikuwa salama. Feni ya kiyoyozi ilianza kubadilisha kasi yenyewe na betri ikawa inaishiwa usiku. Kosa lilikuwa rezista yake, kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa nusu saa.

Kuhusu spea za mtumba, Ilala unapata taa, vioo, milango na viti vilivyo bora kuliko vipya vya kuiga, na mimi nimenunua taa ya nyuma na kioo cha pembeni huko bila majuto. Lakini chochote cha mpira, cha plastiki inayobeba joto, au chenye beringi, sinunui cha mtumba, kwa sababu kina umri sawa na kile ninachokitoa.

Gari hili halimfai mtu anayelitegemea peke yake kila siku ya kazi, wala asiye na fundi anayepima kabla ya kununua. Fundi wa namna hiyo ndiye wa kutafutwa kwanza, kabla hata ya kutafuta gari, na dalili ya kumtambua ni rahisi: muulize atafanya nini na thamostati. Kwangu kazi inayofuata ni oili ya gia boksi na filta yake pamoja na bushi za ekseli ya nyuma. Vifaa vimekwisha kuagizwa, na fundi wa Kinondoni ameniwekea nafasi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao.