Mkonga ya 1HZ au 2.8 mpya, kwa anayevuta tela

Wakuu naona watu wengi wanauliza wachukue Land Cruiser mkonga (zile 70 series) yenye injini ya zamani ya dizeli ya 1HZ au hii iliyoletewa injini mpya ya dizeli ya lita 2.8, mi naongelea kuvuta tela tu maana ukiwa mtupu zote zinakufikisha.

1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa), hp kama 130 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, Nm 285. Funga tela la boti au jenereta alafu panda Kitonga, utapanda taratibu sana na gia za chini, na kadri unavyokwenda juu hewa inakuwa nyepesi na injini inazidi kukosa pumzi. Mafuta inakunywa kweli, dizeli inaanza kuwakia kwenye kichumba cha pembeni kabla haijaingia kwenye silinda kwahiyo joto jingi linapotelea kwenye kuta.

2.8 ni silinda nne tu ila ina turbo na komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalogawia injekta zote dizeli), hp 204, torki Nm 500 ukichukua otomatiki. Mlima uleule unapanda unaongea na abiria wako, na mafuta kidogo. Kwa kuvuta yenyewe 2.8 imeshinda, tusibishane.

Shida ni dizeli unayoiweka. Presha ya hiyo komoni reli inapita bar 2,000, vitundu vya injekta zinazopuliza dizeli kwenye silinda ni vidogo mno, maji kidogo au uchafu wa kwenye madumu ya njiani vinaziua, na injekta hizo hazifunguliwi chini ya mwembe, zinataka mashine ya kupimia na kompyuta ya kusoma gari. 1HZ pampu yake ni ya kimakanika, ikishawaka umeme inaoutaka ni wa ile solenoidi ya mafuta (vali ya umeme inayofungulia dizeli) basi, nozeli fundi wa Mpanda anazifungua anazisafisha anaziseti kwa pampu ya mkono na jioni unaondoka na tela lako. Starta ikigoma mnasukuma. Hii ndo sababu watu wa porini hawaiachi, na mi nawaelewa kabisa.

Ila jamani 1HZ msiifunge turbo ya kununua mtaani ili ipande milima! Haikuundwa kwa joto hilo, pistoni na silinda hedi ndo zinaumia.

Kwahiyo unayevuta Dar mpaka Tunduma, lami mwanzo mwisho, unajaza sheli zenye wateja wengi, chukua 2.8, badili filta ya dizeli kabla ya muda wake na uwe unamwaga maji kwenye separeta (ile inayotenga maji na dizeli). Unayeingia Katavi na tela la vifaa chukua 1HZ, maana ukilaza 2.8 na mzigo porini unasubiri injekta kutoka Dar mafuta uliyookoa hayakusaidii kitu. Na hiyo 1HZ ukiinunua mkononi mwa mtu ulizia timing belti (mkanda unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni) ilibadilishwa lini, inatakiwa kila kilomita 100,000, ikikatika pistoni zinagonga valvu na hapo unafungua injini nzima.