Safari ya picha Amboseli, dereva anajua mwanga
Jamani kama unapiga picha za wanyama na zinatoka kama za kitambulisho, hazina hisia, tafuta dereva kama huyu tuliyepewa Amboseli. Saa 12 asubuhi geti linafunguliwa sisi tushafika, Kilimanjaro bado haijajifunika mawingu, akaegesha gari tukiwa tumeelekea jua akazima injini kabisa akasema subirini, basi vumbi likawaka dhahabu na mama tembo akapitisha mkonga polepole mgongoni kwa mtoto wake, nikapunguza mwanga kwenye kamera nikabonyeza. Ile picha mpaka leo nikiitazama koo linanikaba. Lanchi ya boksi ilikuwa kavu kwa kweli, na watu 6 gari moja ni wengi mno, mmoja akijigeuza lenzi zote zinatikisika. Ila na huyo dereva narudi tena Julai.